Bi Koleo na Vita vya Mfuniko wa Maziwa

Njooni, enyi mliochoka na enyi mliopumzika, enyi wenye masufuria jikoni na ninyi mnaokula kwa jirani. Sogezeni viti, zimeni redio, mwamsheni na yule anayejifanya amelala. Nataka kuwasimulia habari ya vita ambavyo havikumwaga damu wala havikuteka mji, lakini kama visingalipiganwa, haki ya mtu mmoja ingalikwenda na maji, na maji yenyewe yangalikuwa maziwa. Namwomba Mola, aliyewapa mafundi mikono na wasimulizi midomo, anizuie nisitie chumvi zaidi ya inayotakiwa na mchuzi.

Palikuwa na fundi bati, mwanamke mpana wa mabega na mchache wa maneno, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Koleo. Jina hilo hakulipata kwa kununua koleo. Alilipata siku alipokunja ukingo wa ndoo kwa vidole vyake, kwa sababu koleo lilikuwa limeazimwa na mwenye ndoo alikuwa na haraka. Huyo ndiye shujaa wetu: Bi Koleo Mkunja Mabati, Bi Koleo Mziba Ndoo, Mfariji wa Mabirika Yanayovuja, ambaye nyundo yake ilipolia asubuhi majogoo walinyamaza kwa adabu.

Naye alikuwa na adui mmoja wa tangu ujana wake, adui mweupe, mpole wa sura na mwovu wa tabia, nayo ni maziwa yanayochemka. Mnamjua adui huyo. Ukimkodolea macho, hatikisiki. Ukigeuka kidogo tu kumwitikia mtu hodi, amekwisha kupanda, amekwisha kuvuka boma, amezima jiko, na harufu yake imekwenda kukusengenya kwa majirani. Ni ndoa ngapi zimenuniana asubuhi kwa ajili yake! Wafalme wametawala wakafa, na hapana aliyempelekea jeshi.

Bi Koleo akampelekea. Akakata bati, akalikunja, akalikunjua, akalitupa, akaliokota. Akaunda mfuniko wa namna hii, kisha wa namna ile, na kila jaribio lilipoanguka, mumewe, mshonaji mpole asiyejua kununa, alikunywa maziwa yaliyoungua bila kusema neno. Siku moja tu ndipo alipofungua kinywa akanena, "Mke wangu, Mungu akubariki katika kazi yako. Lakini leo naomba chai ya rangi."

Hata siku ikafika. Bi Koleo aliutengeneza mfuniko wenye shingo iliyoinuka katikati kama buruji la ngome, na chini ya shingo vijitundu vyembamba vimeuzunguka kama milango ya kutokea watumwa. Maziwa yalipopanda kwa kiburi yaliingia katika shingo, yakafika juu, yakakuta hewa ya baridi, yakapoteza ujasiri, yakarudi chini kwa milango ile ile yakiwa yameinamisha vichwa. Hayakumwagika hata tone. Bi Koleo alisimama mbele ya jiko, akafunga mikono kifuani, akamshukuru Mola kwa sauti ndogo, kisha akawaita majirani kwa sauti kubwa.

Kuanzia hapo mfuniko ule ukaingia jikoni baada ya jikoni, na akina mama wakaanza kufanya jambo ambalo bibi zao hawakuthubutu kulifanya: kuweka maziwa motoni na kwenda zao uani kuanika nguo.

Sasa, tegeni masikio. Ng'ambo ya njia, mkabala na kibanda cha Bi Koleo, palikuwa na mchomeleaji wa vyuma aliyeitwa Cheche. Naye alimwoa mdogo wake Bi Koleo, kwa hiyo alikuwa shemeji yake wa ndoa na utani. Cheche Mwenye Miwani Myeusi, Bwana wa Madirisha na Mageti, ambaye ulimi wake ulikuwa na asali na vidole vyake vilikuwa na hamu. Alikuja siku moja akauazima mfuniko, akisema ni kwa ajili ya mke wake. Akaurudisha umeoshwa vizuri, akasifu, akaaga. Haukupita muda, mlangoni kwake ikaning'inia mifuniko, yenye shingo, yenye vijitundu, inang'aa kama ngao za wapanda farasi.

"Shemeji!" Bi Koleo akaita toka ng'ambo ya njia. "Hiyo inayoning'inia mlangoni kwako ni nini?"

"Ni mifuniko, shemeji."

"Macho ninayo. Nakuuliza imezaliwa wapi?"

Cheche akainua miwani yake, akawageukia wapita njia, maana hakupenda kusema jambo zuri mbele ya mtu mmoja. "Jamani, mawazo ni kama mafua. Shemeji yangu akipiga chafya, mimi wa jirani naugua. Sasa nawauliza: mgonjwa ni mwizi?"

Watu wakacheka. Bi Koleo akasubiri kicheko kipite, kama mtu anavyosubiri gari lipite ndipo avuke.

"Mgonjwa si mwizi," akasema. "Lakini huyu mgonjwa alikuja nyumbani kwangu akaiazima chafya yenyewe, akaenda kuipima kwa rula."

Wakacheka zaidi, na Cheche akacheka kuliko wote, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwepesi tu. Na kama mambo yangalikomea hapo, nisingalikuwa na la kuwasimulia, maana mashemeji hutaniana na dunia haisimami. Lakini mdogo wake Bi Koleo akaja mbio, kanga imemponyoka begani, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Dada, usinipige. Mwenzangu amekwenda kwenye Ofisi ya Uvumbuzi. Ameuandikisha mfuniko kwa jina lake. Anataka apewe hataza."

"Hataza ndiyo nini?"

"Ni hati ya kusema kitu hiki amekibuni fulani, na mwingine yeyote asikitengeneze mpaka fulani amruhusu."

Bi Koleo akaiweka nyundo chini taratibu, na wanaomjua wanasema hawakupata kuona nyundo ikiwekwa chini namna ile. "Kwa hiyo mimi nikitaka kutengeneza mfuniko wangu..."

"Utamwomba. Lakini atakuruhusu, dada! Amesema atakuruhusu. Anasema wewe ni familia."

Neno hilo ndilo lililoamsha vita. Bi Koleo angaliweza kuvumilia kuibiwa, maana wezi ni wengi na maisha yanaendelea. Kuruhusiwa ndiko kulikomshinda. Yaani asimame njiani, aombe kwa shemeji yake ruhusa ya kukifanya kile alichokitoa kichwani mwake mwenyewe, naye shemeji akubali kwa ukarimu!

"Na wewe, mdogo wangu, uko upande gani?"

"Mimi? Nikikaa hapa naitwa jasusi, nikirudi kwangu naitwa msaliti. Nimeamua kupika tu."

Bi Koleo akapiga magoti kati ya mabati yake. Hakuomba moto ushuke kwenye kibanda cha pili. Aliomba hivi: "Mola wangu, unajua nina hasira. Unisimamie nisiseme uongo." Kisha akavaa viatu vyake vya kutokea, akaenda kuweka pingamizi, na pamoja nalo ombi lake mwenyewe.

Siku ya kuitwa ikafika, na majeshi mawili yakaondoka mtaani kwa njia moja, maana njia nyingine haikuwapo. Mbele alitangulia Bi Koleo, mfuniko wake umefungwa katika kitambaa cheupe kama mtoto anayepelekwa kupewa jina. Nyuma alifuata Cheche amevaa shati la mikono mirefu, na mfuniko wake ameushika wazi upigwe na jua. Katikati alitembea yule mdogo mtu, mdogo wa huyu na mke wa huyu, amebeba maziwa. Majirani walifuata wakiwa wamefunga vibanda vyao, kwani nani angekaa kuuza nyanya siku kama ile?

Ofisi ile ilikuwa na ukumbi mrefu wenye mabenchi, na feni iliyogeuza shingo yake upande wa watumishi peke yao. Mabenchini walikaa wabunifu wa kila aina: mwenye fagio linalokunjika, mwenye kiatu kinachowaka taa, mwenye mtego wa panya usioumiza panya. Kila mmoja amekifunika chake kwa kitambaa, na kila mmoja anachungulia cha mwenzake.

Msajili alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti ya upole, ambaye alikuwa ameshazoea kukutana na magwiji wa dunia kabla ya saa ya chai. Aliitazama mifuniko miwili, akaigeuza, akaigonga kwa ukucha. Ilifanana kama mapacha waliogombana.

"Sitaki maneno kwanza," akasema. "Leteni jiko."

Basi wakatoka uani, wakaleta jiko la kupikia chai ya ofisi, wakaweka sufuria. Wakaanza na mfuniko wa Bi Koleo. Enyi wasikilizaji, ni nani atakayesimulia ipasavyo namna adui mweupe alivyojipanga! Kwanza akanyamaza kimya kama mtu asiye na nia. Kisha akatetemeka pembeni. Kisha akainuka kwa safu zake zote, povu mbele na joto nyuma, akaupanda ukuta wa shingo, akafika kileleni. Majirani wakashika vifua, Msajili mwenyewe akasogeza viatu vyake. Hapo juu akasita, akapepesuka, akateremka. Jiko likabaki kavu. Wakauweka na mfuniko wa Cheche, na vita vikawa vile vile, na ushindi ukawa ule ule.

"Yote miwili inafanya kazi," akasema Msajili. "Hilo halinisaidii." Akaiinua mbele ya mwanga, na macho yake yakatua mahali. Kando ya mshikio wa kila mfuniko, karibu na ukingo, mbali kabisa na shingo, palikuwa na tundu moja dogo la mviringo. "Hili tundu ni la nini? Ombi lako, bwana, halikulitaja. Na pingamizi lako, mama, halikulitaja."

Cheche akapiga hatua moja mbele. Ah, angekuwa na kanzu ya kurushia begani angeirusha.

"Mheshimiwa, ndugu na majirani," akanena. "Mtu ana kinywa, ana shingo, ana kichwa kizuri, lakini mtu huyo ni nini bila pua? Tundu hili ndilo pua ya mfuniko. Mvuke wenye hasira hutokea hapa, na hasira ikishatoka maziwa hurudiwa na akili. Mahali pake nilipatafuta kwa jasho! Nililiweka juu, maziwa yakakataa. Nililiweka katikati, yakanicheka. Nilipoliweka hapa, kando ya mshikio, maziwa yakaniitikia labeka. Ndiyo siri ya kazi yote. Izibeni pua hii, mheshimiwa, na maziwa yatafurika mpaka barabarani!"

Majirani wakapiga makofi. Muuza nyanya akapaza sauti, "Ni kweli kabisa! Hata mimi wa kwangu huwa nauona unapumua!"

Msajili akamgeukia Bi Koleo. "Na wewe, mama?"

Sasa vita vikahama kutoka uani vikaingia kifuani mwa shujaa wetu. Kwa maana sifa za lile tundu hazikuwa ngeni kwake. Wateja walikuwa wamemletea kibandani mara nyingi, wakimwambia jinsi pumzi ile ilivyo ya ajabu, naye alikuwa ametabasamu bila kufungua mdomo. Mdogo wake akamvuta mkono akamnong'oneza, "Dada, sema pumzi ulianza wewe! Sema haraka!" Maneno yalikuwa tayari ulimini, matamu, yamepangika, na uani pote hapakuwa na mtu ambaye asingeyaamini.

"Halina kazi," akasema Bi Koleo.

"Halina nini?"

"Halina kazi, mheshimiwa. Ni tundu la msumari. Kile kiolezo changu, lile bati la mfano ninalochorea, nakitundika ukutani kwa msumari. Mara ya kwanza nilipochora mfuniko kwa kukifuata, nilichora na tundu lake, nikalitoboa. Nilipokuja kuligundua nilikuwa nimeshauza mingi, na watu wameshaanza kulisifu. Nikaona haya."

Kicheko kilichozuka kilimwamsha mlinzi wa getini. Bi Koleo akasimama katikati yake, masikio yamemwaka moto, mikono imeshuka, kama jemadari aliyevua kofia ya chuma mbele ya mishale. Muuza nyanya aliinama akaanza kuchunguza viatu vyake.

"Mheshimiwa," akasema Cheche, "mmesikia wenyewe! Hajui hata kazi ya mfuniko anaodai ni wake!"

"Si umesema likizibwa maziwa yatafurika?" Msajili akamwuliza.

"Mpaka barabarani."

"Basi tutaziba la kwako."

Msajili akautwaa mkate wake mwenyewe wa chai, akamega kipande, akakifinyanga, akaiziba pua ya mfuniko wa Cheche. Kumbukeni mkate huo, enyi watu, kwa kuwa watumishi wachache wametoa zaidi kwa ajili ya haki. Maziwa yakarudishwa motoni.

Na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo vita vya kale havikuliona: jemadari akiomba ngome yake mwenyewe ianguke. Cheche alikuwa ameinama juu ya jiko, jasho linamtiririka, akinong'ona, "Furikeni. Furikeni basi, mnangoja nini?" Na upande wa pili Bi Koleo, adui wa mfuniko ule, alikuwa amefumba macho akiuombea usimame imara.

"Mume wangu," akauliza mkewe, "si mfuniko wako huo? Mbona unayatuma maziwa yakuaibishe?"

"Nyamaza, mama, yanapanda."

Yakapanda kweli. Yakaingia shingoni kwa kishindo, yakafika juu kabisa, yakachungulia nje. Mkate ukatoa harufu nzuri. Kisha, polepole, kama mgeni aliyeambiwa mwenyeji hayupo, yakarudi chini.

Cheche akavua miwani yake, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Umechomelea vizuri, shemeji," akasema Bi Koleo. "Shingo imekaa sawa kuliko yangu." Naye aliyasema kwa moyo mweupe, na kwa sababu hiyo yalimchoma Cheche kuliko tusi.

Msajili akatoa hukumu akiwa bado ameshika mkate uliobaki. "Aliyebuni kitu anajua kipi alikiweka na kipi kilijiingiza chenyewe. Bwana, wewe umenakili mpaka kosa, halafu ukalitungia sifa. Ombi lako linafungwa. La mama huyu linapokelewa. Litachunguzwa, na uchunguzi unakwenda kwa mwendo wake; mama, nakushauri usiusubiri umesimama. Leo nakupa risiti."

Akagonga muhuri. Wino ulikuwa umekauka, akaupulizia pumzi, akagonga tena, na pakatokea kivuli cha nusu ya neno "Imepokelewa". Vigelegele vilivyopigwa uani pale vingetosha kumpokea mfalme aliyerudi na mateka.

Asubuhi iliyofuata Bi Koleo, akiwa na dhamiri nyeupe, alikata mifuniko mipya isiyo na tundu, akaipanga mbele ya kibanda. Ya Cheche nayo ilikuwa ingali inaning'inia kwake, kwa kuwa hakuwa na moyo wa kuiteremsha. Amekaa chini yake, miwani imeshuka puani.

Akaja bibi mmoja wa mtaa wa pili, ambaye mfuniko wake ulikuwa umekanyagwa na mjukuu. Akauinua mmoja wa Bi Koleo, akaukagua, akausukuma mbali.

"Mwanangu, huu wa kuiga. Hauna pumzi."

"Bibi, huo ndio wenyewe. Lile tundu lilikuwa kosa."

"Nimetumia mfuniko huu kabla hujaanza kunidanganya," bibi akasema, akageuza shingo. Na ng'ambo ya njia, katika jua la asubuhi, akaiona mifuniko ya Cheche, kila mmoja na pua yake. "Ehee! Ile pale ndiyo ya kweli." Akaanza kuvuka.

Bi Koleo hakumwita. Alikuwa na risiti, lakini angemwonyesha nani? Alimtazama bibi akikanyaga taratibu kuelekea upande wa pili, na mtaa mzima ukatazama naye, maana muuza nyanya alikuwa ameacha kupima.

Cheche akasimama. Mkono wake ulikwishaufikia mfuniko uliokuwa karibu. Hapo mkono ukasita, kama maziwa yalivyosita kileleni.

"Bibi," akasema, "rudi. Wa kweli ni ule."

"Unasemaje?"

"Nasema rudi kule kule!" Akavuta pumzi, akaifungua ile sauti yake ya kutangazia mageti. "Mimi ndiye niliyeiga! Aliyeubuni ni shemeji yangu, Bi Koleo! Mimi nimeiga mpaka na kosa lake!"

Ndani ya nyumba mke wake aliacha kusugua sufuria.

"Sasa mbona unapiga kelele kama unatangaza harusi?" bibi akamwuliza. "Nimesikia." Akageuka, akavuka tena, akasimama mbele ya Bi Koleo, ambaye wakati huo alikuwa ameinama anatafuta kitu chini ya meza ambacho hakikuwapo, hadi macho yake yakauke.

"Haya, nipe huo wako," akasema bibi. "Lakini nitobolee tundu."

"Bibi, tundu halina kazi. Hata serikali imepima."

"Serikali haichemshi maziwa yangu, mwanangu. Mimi siwezi kuyaweka mahali yasipopumua."

Ng'ambo ya njia Cheche alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, anacheka mpaka mifuniko inagongana juu ya kichwa chake. Bi Koleo akatazama juu mbinguni, akauliza kitu kimya kimya, na yaelekea akajibiwa. Akatwaa msumari. Akatwaa nyundo.

"Kando ya mshikio, bibi?"

"Pale pale."

Basi andikeni, enyi waandishi wa tarehe, pigeni panda na ngoma. Wekeni siku hiyo mbele ya siku za kutekwa kwa ngome na kutawazwa kwa masultani: kwamba Bi Koleo Mkunja Mabati, Mshinda Maziwa, mbunifu aliyetajwa kwa sauti mbele ya mtaa mzima na mdomo wa shemeji yake mwenyewe, aliinua nyundo yake hadharani, akapiga mara moja tu, na lile kosa likatoboka safi, la mviringo, mahali pake hasa.